MALEZI YA WATOTO: Je, Ni Damu au Ni Maji?

Mgeni aingiaye Nakuru kwa mara ya kwanza, akipita mtaa wa Bondeni wakati watoto watokapo shule, huona jambo moja la kumshangaza. Watoto ni wazima, wanacheka na kukimbizana kama watoto wa mahali pote. Lakini wengi wao wakicheka huonyesha meno yenye madoa ya manjano au ya kahawia, na wengine meno yao yana vishimo kama punje za mahindi yaliyoliwa na fukusi. Wale wakubwa kidogo wamekwisha kujua kwamba wanatazamwa, nao hucheka huku wamefunika mdomo kwa mkono.

Watu wakiulizwa sababu ya meno hayo, majibu huwa mengi. Baba husema kwamba ndivyo ulivyo ukoo wa mama. Mama mkwe husema vivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa zaidi. Jirani husema kwamba watoto hawapigi mswaki. Na kijana atakaye kuoa huonywa na jamaa zake aangalie kwanza meno ya dada zake bibi harusi, asije akaleta meno mabaya katika nyumba yao.

Majibu hayo yote hayana ukweli. Lakini kosa lililomo ndani yake ni kosa kubwa kuliko habari ya meno tu, maana wazazi wengi hulitenda kosa hilohilo katika mambo mengine ya watoto wao: katika urefu wa mwili, katika maradhi, na katika akili ya darasani. Kwa hiyo yafaa kulichungua vizuri.

METHALI MBILI

Wazee waliacha methali mbili ambazo zikisikika pamoja huonekana kama zinagombana. Ya kwanza husema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Ya pili husema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Mtu ashikaye ile ya kwanza peke yake huamini kwamba yote yamekwisha kuamuliwa siku mtoto alipotungwa mimba. Ashikaye ile ya pili peke yake huamini kwamba mtoto ni kama udongo wa mfinyanzi, aweza kufanywa chungu au sahani kama apendavyo mlezi.

Wataalamu wa elimu ya viumbe hawaikatai hata moja. Husema kwamba kila mtoto hupokea kwa wazazi wake chembe za urithi, ziitwazo jeni, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Chembe hizo ni kama maagizo ya kujengea mwili. Lakini maagizo peke yake hayajengi nyumba. Lazima pawe na mawe, mbao, maji na fundi. Na vitu hivyo hutoka mahali mtoto anapokulia: katika chakula, maji, maradhi, maneno asikiayo na mapenzi apatayo. Basi swali la maana si kuuliza kama ni damu au ni malezi. Swali ni hili: katika jambo hili hasa, damu imefanya nini, na mahali pamefanya nini? Ajuaye kutenganisha mambo hayo mawili hujua pa kutia mkono wake.

USHAHIDI WA MENO

Bondeni ni mtaa wa zamani, na tangu mwanzo wakazi wake wamekuwa watu wa makabila mengi. Wako waliotoka Nyanza, wako waliotoka pwani, wako Wakikuyu, Waluhya, Wakalenjini na Wanubi. Damu zao ni mbalimbali, lakini meno ya watoto wao yafanana. Ni ukoo gani huo uliowakusanya wote? Hakuna. Kinachowakusanya ni maji.

Bonde la Ufa lilifanywa kwa moto wa volkano. Miamba na majivu yake yana madini yaitwayo floraidi, na maji yakaayo chini ya ardhi kwa muda mrefu huyayeyusha madini hayo na kuyachukua. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Visima vingi virefu vya Nakuru na wilaya za jirani huzidi kipimo hicho. Maji ya Ziwa la Nakuru na la Elementaita, katika vipimo vilivyopata kufanywa, yalionekana yana zaidi ya miligramu 1,000 kwa lita. Lakini hayo hayanywewi na mtu. Maji ya mvua, na ya mito iteremkayo kutoka milimani, kama Turasha na Malewa, huwa na floraidi kidogo tu. Kwa kuwa mji hupata maji yake sehemu kutoka visimani na sehemu kutoka mtoni, nyumba mbili za mji mmoja zaweza kunywa maji yasiyofanana.

Floraidi kidogo ni dawa, maana huyalinda meno yasioze. Ikizidi hugeuka kuwa adui, lakini adui mwenye wakati wake maalumu. Huliharibu gamba jeupe la jino wakati gamba hilo linapojengwa ndani ya ufizi, yaani tangu mtoto azaliwapo mpaka afikapo umri wa miaka 8 hivi. Kwa meno ya mbele, miaka ile 3 ya kwanza ndiyo ya hatari kuliko yote. Meno ya pili yaanzapo kuota, mtoto akiwa na miaka 6 au 7, madhara yamekwisha kutendeka zamani, na hakuna mswaki wala mchanga wala majivu yatakayoyaondoa.

Chukua mfano wa karani aliyehamishwa kutoka Kakamega kuja Nakuru pamoja na mkewe na mtoto wa miaka 10. Miaka ikapita, wakazaliwa watoto wengine wawili. Karani na mkewe wana meno meupe, na mtoto wa kwanza vilevile. Wale wawili wa mwisho wana meno ya kahawia. Baba ni mmoja, mama ni mmoja, damu ni ileile. Kilichobadilika ni kisima.

Jambo hili halikugunduliwa Kenya kwanza. Huko Marekani, katika mji wa Colorado Springs, daktari wa meno aitwaye Frederick McKay alianza kazi mwaka 1901, akakuta watoto wengi wana meno ya namna hiyohiyo. Akaona kwamba waliozaliwa mjini walikuwa na madoa, na waliohamia wakiwa watu wazima hawakuwa nayo. Akashuku maji. Katika mji mdogo wa Oakley, jimbo la Idaho, wazazi waliacha maji yao ya zamani mwaka 1925 wakatafuta chemchemi nyingine, na watoto wadogo wakaota meno meupe. Lakini ni mwaka 1931 tu ndipo wapimaji walipopata jina la kitu chenyewe, floraidi. McKay alikuwa ameitafuta sababu hiyo kwa muda wa miaka 30.

Hata hivyo damu haikukosa neno la kusema. Panya wa koo mbalimbali wakinyweshwa maji yenye floraidi kwa kipimo kimoja, meno ya ukoo mmoja huharibika sana na ya mwingine huharibika kidogo. Basi watoto wawili wa kisima kimoja wakiwa na meno yasiyolingana, huenda ni kwa sababu ya kiasi cha maji wanywacho, au chakula walacho, na huenda ni kwa sababu ya urithi pia. Lakini bila maji hayo, hakuna hata mmoja ambaye angeharibika.

NG'OMBE WA DAMU NZURI

Wakulima wa sehemu hizi wana sababu ya kulifahamu somo hili upesi kuliko watu wa mahali pengine. Mwanzoni mwa karne ya 20, Lord Delamere alipoanza kufuga Njoro, alileta kondoo wa damu bora kutoka nchi za ng'ambo. Majani yalikuwa mazuri kwa macho, lakini kondoo walikonda wakafa, naye akalazimika kuhamishia mifugo Soysambu. Baadaye wataalamu walichunguza maradhi ya kukonda kwa mifugo ya sehemu hizo, wakayapa jina la Nakuru lenyewe: nakuruitis. Mnyama alikula akashiba, lakini alidhoofika kama aliyenyimwa chakula. Ilijulikana kwamba udongo huo wa volkano umepungukiwa na madini ya kobalti, ambayo vijidudu vilivyo tumboni mwa ng'ombe na kondoo huyahitaji ili kufanya vitamini B12. Ng'ombe walipopewa madini hayo, walipona. Fahali wa damu bora hakuwa na kosa, wala ukoo wake. Lakini ubora wa ukoo haukumlisha.

Ndivyo ilivyo na mbegu pia. Mahindi ya chotara yaliyotengenezwa Kitale na kuanza kutolewa kwa wakulima mwaka 1964 yaliwazidishia wengi mavuno. Lakini mtu akiyapanda kwa kuchelewa, bila mbolea wala palizi, hapati kitu; na mwenye mbegu hafifu, hata atie mbolea namna gani, mavuno yake hayapiti kiasi chake. Hakuna mkulima mwenye akili aulizaye kama mavuno hutoka kwa mbegu au kwa shamba. Ajabu ni kwamba mkulima huyohuyo, akirudi nyumbani na kumtazama mtoto wake, husahau maarifa yake yote.

MARADHI YATOKAYO KWA WAZAZI

Yako mambo yatokayo katika damu kweli, wala yasifichwe. Kubwa kwa Afrika ya Mashariki ni ugonjwa wa selimundu, ambao chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu, zikaziba mishipa na kuleta maumivu makali ya mifupa na upungufu wa damu. Mtoto huupata akirithi chembe yenye kasoro kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wenyewe, kila mmoja akiwa na chembe moja tu, kwa kawaida ni wazima wala hawajui lolote. Wakioana, kila mimba ina uwezekano wa sehemu moja katika nne kumpa mtoto ugonjwa huo. Kwa hiyo mume amlaumuye mkewe kwa mtoto wa namna hiyo na ajue kwamba nusu ya jambo imetoka kwake.

Habari ya chembe hiyo ilivyoenea ni ya ajabu. Anthony Allison, aliyekulia shambani katika Bonde la Ufa kabla ya kuwa mwanachuoni, alipima damu za watu wa Kenya mwaka 1949. Aliona kwamba chembe hiyo ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni chache katika nchi za juu zenye baridi. Mwaka 1954 akaeleza sababu: mtu mwenye chembe moja tu hukingwa na malaria kali. Mahali penye mbu wengi chembe hiyo iliokoa maisha ya wengi, ikaenea. Mahali pasipo na malaria haikuwa na faida. Basi hata kile kiitwacho damu kina alama ya mahali walipokaa mababu.

Tena urithi si hukumu ya kufa. Mtoto mwenye selimundu akipimwa mapema, akapewa dawa za kumkinga na maradhi, akalala ndani ya chandarua, akanywa maji ya kutosha na kufikishwa hospitali upesi apatapo homa, aweza kukua, kusoma na kufanya kazi. Akiachwa kwa kuwa "ndivyo alivyozaliwa," hufa mdogo. Chembe ni ileile. Malezi ndiyo yaliyotofautiana.

NA AKILI JE?

Hapa ndipo kosa la kuilaumu damu huleta hasara kubwa kuliko mahali pote, na Kenya yenyewe inayo historia yake. Katika miaka ya 1930, Dr. H. L. Gordon, aliyekuwa daktari wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, alidai kwamba ubongo wa Mwafrika wa Afrika ya Mashariki ni pungufu kwa asili, akatia shaka kama elimu ya Kizungu inamfaa. Mwenzake, F. W. Vint, alipima bongo za watu waliokufa, akaleta tarakimu za kumsaidia. Waliomba fedha Uingereza za kuendeleza uchunguzi huo, wakanyimwa. Kosa lao lilikuwa lile lile la mama mkwe wa Bondeni: waliona tofauti, wakairukia damu, bila kutenga kwanza njaa, maradhi na kukosa shule.

Jibu zuri lilikuja baadaye kutoka Embu. Mwaka 1984 watafiti waliwapima watoto wa vijijini wa umri wa miaka 7 hivi kwa mtihani wa mafumbo ya picha, usiohitaji kujua kusoma. Mwaka 1998 watoto wengine wa umri uleule, wa sehemu ileile, walipewa mtihani uleule. Hawa wa pili waliwapita wale wa kwanza kwa mbali. Katika miaka 14 damu ya watu wa mahali haigeuki. Kilichogeuka, kwa maelezo ya watafiti, ni kwamba wazazi wengi zaidi walijua kusoma, watoto wa nyumba moja walikuwa wamepungua, na chakula na afya vilikuwa bora.

Kuanzia mwaka huo wa 1998, katika shule 12 za huko Embu, ulifanywa uchunguzi wa chakula. Watoto wa shule nyingine walipewa githeri iliyotiwa nyama, wengine githeri pamoja na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na wengine hawakupewa chakula cha shule. Wale wa nyama waliendelea vizuri kuliko wenzao katika mafumbo ya picha, hata michezoni walionekana wachangamfu zaidi. Baba auzaye maziwa yote na mayai yote, kisha akamwita mwanawe mzito wa akili kama wajomba zake, na ayafikiri hayo.

Urefu wa mwili nao ni vivyo hivyo. Mtoto wa wazazi warefu huelekea kuwa mrefu. Lakini asipolishwa vema katika siku 1,000 za kwanza, tangu mimba mpaka miaka 2, hudumaa. Mwaka 2014 watoto 26 katika kila 100 wa Kenya walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Mwaka 2022 walikuwa 18. Wale waliopona udumavu katika miaka hiyo 8 hawakupata mababu wapya. Walipata malezi mapya.

YAWAPASAYO WAZAZI

Kwanza, mtoto mchanga na anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, hata mama mwenyewe akinywa maji ya kisima kibaya. Unga wa maziwa ukikorogwa kwa maji ya kisima hicho humpa mtoto madhara tangu siku za kwanza.

Pili, familia isiyoweza kupata maji mema kwa watu wote na iyapate kwa walio chini ya miaka 8. Maji ya mtoto mdogo ya kunywa na ya uji si mengi. Ndoo moja ya maji ya mvua, iliyokingwa kwa usafi na kufunikwa, humtosha siku kadhaa. Maji ya kisima yafaa kufulia na kuogea bila hofu.

Tatu, ijulikane kwamba kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Yakichemka sana na kupungua, floraidi hubaki na kuzidi ukali. Iko chujio ifanywayo kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ambayo huikamata floraidi. Jimbo Katoliki la Nakuru lilianza kuitengeneza mwaka 1998. Mifupa hiyo huchoka baada ya muda, nayo lazima ibadilishwe. Chujio iliyochoka ni pambo tu.

Nne, magadi ya kulainishia maharagwe na mboga yana floraidi, na chai kali ya rangi vilevile. Vitu hivyo si vya watoto wadogo. Dawa ya mswaki iwe kidogo kama punje ya mchele, wala mtoto asiimeze.

Tano, watu watakao kuoana, hasa ikiwa jamaa zao wametoka pwani au kando ya ziwa, na wapimwe damu kwa ajili ya selimundu. Si kwa kuvunja uchumba, bali kwa kujua mapema na kumpima mtoto azaliwapo.

Sita, mtoto ambaye meno yake yamekwisha kuharibika asichekwe wala asikwaruzwe meno kwa mchanga. Daktari wa meno aweza kuyapunguza madoa au kuyafunika. Na aambiwe wazi wazi kwamba kosa si lake, wala si la mama yake.

La mwisho halina gharama hata senti moja. Maneno nayo ni sehemu ya mahali mtoto anapokulia, kama maji yalivyo. Mtoto aambiwaye kila siku kwamba ni mjinga kwa ukoo, au mwizi kwa sababu babaye alikuwa mwizi, huyanywa maneno hayo katika miaka ileile ambayo meno yake hujengwa, nayo humwachia madoa yasiyosuguliwa yakatoka. Damu aliyokwisha kupewa mtoto haichaguliwi tena na mtu. Lakini maji ya leo, uji wa leo na maneno ya leo jioni yamo mikononi mwa mzazi.